Muhuri wa Serikali na Macho ya Mzazi



Wapendwa Taifa la Mungu, Jumapili iliyopita, mara baada ya Misa ya pili, wazee wa jumuiya nne walitufuata sakristia wakiwa na barua. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi, ikiwa na sahihi 112, na ilielekezwa kwa kamati ya mkoa inayoshughulikia filamu. Juu ya sahihi zote ilikuwa imeachwa nafasi moja tupu. Hatukuhitaji kuuliza ni ya nani.

Barua hiyo ina maombi mawili. La kwanza ni kwamba mabanda ya video yaliyo jirani na soko yanaonyesha filamu za watu wazima tangu saa nane mchana, na watazamaji wake ni watoto. Wamo hata watoto wetu wa Kipaimara, ambao wameonekana wakiingia humo wakiwa na daftari za mafundisho kwapani. La pili ni kwamba ipo filamu moja inayouzwa katika mabanda hayo hayo, yenye kumwonyesha padre anayekula fedha za kanisa na kumdhulumu mjane shamba lake. Waamini wanaomba filamu hiyo inyimwe kibali katika mkoa mzima, kwa kuwa inalidhalilisha Kanisa.

Tuliomba tupewe wiki moja ya kufikiri na kusali. Tafakari hii ndiyo jibu letu, na tunaliandika hapa ili wote waliotia sahihi walisome, pamoja na wale ambao hawakutia.

Kwanza, tuelewe tunamwomba nani na tunamwomba nini. Kwa Tanzania Bara, msingi wa jambo hili ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kwa sheria hiyo filamu haionyeshwi hadharani wala kusambazwa kabla ya kukaguliwa, kupangiwa daraja na kupewa kibali. Ipo Bodi ya taifa, na chini yake zipo kamati za mikoa na za wilaya, ili macho ya serikali yafike hata kwenye banda la mabati lenye runinga moja na viti vya mbao. Visiwani Zanzibar mambo ya filamu si ya Muungano, na Serikali ya Mapinduzi ina chombo chake yenyewe. Kwa hiyo filamu iliyopata kibali Dar es Salaam haijapata kwa hilo ruhusa ya kuonyeshwa Unguja. Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziachia serikali za kaunti usimamizi wa majumba ya sinema na maonyesho ya video, huku upangaji wa madaraja ukibaki kwa bodi ya taifa.

Tunaona basi kwamba mambo mawili huchanganywa mara nyingi katika mazungumzo yetu. Daraja ni taarifa: linamwambia mzazi kwamba filamu hii inafaa watu wa umri gani. Kibali ni amri: kinasema filamu hii itaonekana au haitaonekana. Ombi la kwanza la waamini wetu linahusu daraja ambalo tayari lipo na halitiiwi. Ombi la pili linahusu kibali. Ingawa yamo katika karatasi moja, ni maombi ya asili mbili tofauti, na Kanisa lina historia ndefu na yote mawili. Tungependa kuwasimulieni sehemu ya historia hiyo, kwa sababu wengine walikwisha kupita njia tunayotaka kuipita, na makovu yao yanaweza kutufundisha.

Twende kwanza Quebec, mojawapo ya majimbo ya Kanada. (Tunaposema jimbo hapa hatumaanishi jimbo la askofu, bali serikali ya sehemu moja ya nchi.) Kanada haikuiweka kazi ya kukagua filamu mikononi mwa serikali kuu. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake. Ontario ilianzisha bodi yake mwaka 1911, na Quebec ikafuata baada ya muda mfupi. Wakati ule sehemu kubwa ya watu wa Quebec walikuwa Wakatoliki, na sauti ya maaskofu ilisikika hadi bungeni.

Tarehe 9 Januari 1927, siku ya Jumapili mchana, moto ulizuka katika sinema iliyoitwa Laurier Palace mjini Montreal. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto. Moto wenyewe haukuwa mkubwa sana, lakini moshi uliwatia hofu, wakakimbilia ngazi za kushukia kutoka roshani, wakaangukiana. Walikufa watoto 78. Wengi walikosa pumzi, na wengine walikanyagwa. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo na kuwaombea, maana nyuma ya idadi hiyo yamo majina na mama zao.

Baada ya maziko, wachungaji wa Kanisa walisimama kidete wakidai watoto wasiingie tena sinema. Mwaka 1928 serikali ya jimbo ilitunga sheria iliyowakataza watoto wa chini ya miaka 16 kuingia katika majumba ya sinema, na katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka thelathini. Nani angewalaumu? Sisi wenyewe tungekuwa mapadre wa parokia ile, tukiwa tumezika majeneza madogo namna ile, huenda tungedai zaidi ya hapo.

Lakini tuangalie lililofuata. Bodi ya Quebec haikuishia kuwalinda watoto. Iliendelea kuamua pia watu wazima waone nini. Mwaka 1947 filamu ya Kifaransa Les Enfants du paradis ilizuiwa, na mwaka 1960 filamu Hiroshima mon amour ilikatwa vipande kabla ya kuonyeshwa, jambo lililowaudhi wengi. Kidogo kidogo watu waliozoea kuliona Kanisa kama mama walianza kuliona kama askari mwenye mkasi. Wapendwa, hatusemi kwamba Quebec iliacha kujaa makanisani kwa sababu ya sinema tu, kwani sababu ni nyingi. Tunasema kwamba mkasi haukuisaidia imani hata kidogo.

Na hapa kuna jambo ambalo lingetufurahisha kama lingejulikana zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Quebec iliunda kamati ya kuchunguza utaratibu ule, na mwenyekiti wake alikuwa padre Mdominiko, Louis-Marie Régis. Taarifa yake ya mwaka 1962 ilishauri kuachana na ukataji na uzuiaji, na badala yake filamu zipangwe kwa umri wa mtazamaji. Mwaka 1967 ushauri huo uliingia katika sheria. Mpaka leo Quebec hupanga filamu katika madaraja manne: ya watu wote, ya kuanzia miaka 13, ya kuanzia miaka 16, na ya kuanzia miaka 18. Msambazaji hana budi kuwa na leseni, na filamu hupewa hati yake kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Serikali haikuacha kazi yake. Iliipunguza ibaki pale inapofaa, yaani kumlinda mtoto na kumpasha habari mzazi. Aliyesaidia kuipunguza alikuwa mtu wa altare.

Sasa twende New York. Huko Marekani pia, kabla ya kuwa na madaraja ya taifa mwaka 1968, miji na majimbo yalikuwa na bodi zao. Mji wa Chicago ulianza mwaka 1907, Pennsylvania ikapitisha sheria mwaka 1911, Ohio mwaka 1913, na bodi ya mwisho ya jimbo, ile ya Maryland, ilifungwa mwaka 1981. Katika jimbo la New York filamu haikuonyeshwa bila leseni ya serikali ya jimbo. Mwishoni mwa mwaka 1950 ilifika huko filamu fupi ya Mwitaliano Roberto Rossellini, iitwayo Muujiza. Inamhusu mwanamke maskini mchunga mbuzi, mwenye akili dhaifu, anayekutana na mpita njia na kudhani kwamba ni Mtakatifu Yosefu. Anapata mimba, wanakijiji wanamcheka na kumfukuza, naye anajifungua peke yake katika kanisa tupu.

Wakatoliki wengi wa New York waliona kwamba filamu hiyo inamkejeli Bikira Maria. Kardinali Francis Spellman aliwataka waamini waisusie, na watu wakaandamana mbele ya ukumbi. Mwezi Februari 1951 serikali ya jimbo ikaifuta leseni yake kwa kosa la kufuru. Mwenye filamu alikwenda mahakamani, na mwezi Mei 1952 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba serikali ya jimbo haina mamlaka ya kuinyima filamu leseni kwa sababu hiyo. Ni ajabu kwamba kesi hiyo hiyo, iliyoanza kwa juhudi za kulinda heshima ya imani, ndiyo iliyoanza kuzivunja nguvu bodi zote za majimbo. Waliotaka zaidi walipoteza hata kile walichokuwa nacho.

Je, Rossellini alikuwa adui wa Kanisa? Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee kwa dini, kwa maadili na kwa sanaa. Katika orodha hiyo Rossellini anaonekana mara mbili. Filamu yake moja inahusu Mtakatifu Fransisko wa Asizi na ndugu zake wa kwanza. Nyingine inahusu Roma chini ya Wajerumani, na ndani yake yumo padre anayekubali kupigwa risasi kuliko kuwasaliti watu wake. Mtu yule yule! Kama angefungiwa mlango jumla mwaka 1951, tungalipoteza mengi.

Mtatuuliza: basi Kanisa linafundisha nini? Papa Pio XI, katika waraka wake Vigilanti Cura wa mwaka 1936, aliisifu ahadi ya waamini wa Marekani waliojifunga kwa hiari kutotazama filamu zenye kuchukiza, na akawataka maaskofu watoe orodha za filamu zilizopangwa ili kuwaongoza watu wao. Tuone vema silaha aliyoichagua: ahadi ya hiari na ushauri wa wachungaji kwa kondoo wao. Papa Pio XII aliandika tena juu ya filamu, redio na runinga mwaka 1957. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya mwaka 1963, uligawa wajibu kwa utaratibu mzuri. Mtazamaji ana wajibu wa kuchagua, mzazi ana wajibu wa kuangalia kinachoingia nyumbani mwake, mtengenezaji ana wajibu wa maadili katika kazi yake, na serikali ina wajibu wa kuwalinda vijana pamoja na wajibu wa kulinda uhuru wa haki wa kupashana habari. Hati hiyo hiyo inakubali kwamba hata kuonyesha uovu kunaweza kumsaidia mtu ajijue zaidi na kuuona ukweli, mradi uovu usipambwe ukapendeza.

Tuliposoma maneno hayo tuliona kwamba hatuwezi kuihukumu filamu ile ya padre na mjane kwa kusimuliwa. Tukaitafuta, tukaiangalia usiku pamoja na katekista wetu mkuu. Tutasema ukweli: ni filamu dhaifu. Sauti inapotea, kanzu ya padre haijulikani ni ya shirika gani, na Misa inayoonyeshwa humo haifanani na Misa yoyote tuliyowahi kuiadhimisha. Lakini ipo sehemu ambapo mjane anakaa nje ya nyumba ya mapadre tangu asubuhi hadi jioni, na kila anayetoka anamwambia padre amepumzika. Hapo katekista wetu alinyamaza, nasi tukanyamaza. Hatukunyamaza kwa hasira. Tulikuwa tunajiuliza ni wangapi wamewahi kukaa hivyo kwenye benchi letu.

Nabii Natani hakumwendea Daudi na hati ya mashtaka. Alimsimulia kisa cha tajiri aliyechukua kondoo mmoja wa maskini, na mfalme akakasirikia kisa hicho kabla hajajua kwamba ni chake mwenyewe. Kama Daudi angekuwa na bodi ya kukagua visa na kukizuia kile, pengine tusingekuwa na toba yake. Hatudai kwamba kila mtengeneza filamu ni nabii. Wapo wanaotafuta fedha tu kwa kulichafua Kanisa, na tunaweza kuwajibu kwa maneno na kwa kuacha kuzinunua kazi zao. Lakini Kanisa linaloomba kibali kifutwe kila linapoonyeshwa doa lake, litakuja kuaminiwa na nani litakapowaonyesha wengine madoa yao? Tena, mkono unaofuta leo kibali cha filamu inayotuudhi sisi unaweza kesho kufuta kibali cha filamu juu ya mashahidi wetu, kwa kuwa inawaudhi wengine. Katika mkoa wetu tunaishi na ndugu wa imani mbalimbali, nasi tunapenda kipimo tunachowapimia kiwe kile tunachotaka kupimiwa.

Wapo watakaosema kwamba padre sasa anatetea uchafu. La hasha. Tunarudi sasa kwa ombi la kwanza, na hapo hatuna maneno ya kulegea. Bwana wetu alitumia picha ya jiwe la kusagia shingoni kwa yule anayewakosesha wadogo, na hakuna leseni ya biashara inayoliondoa jiwe hilo. Mtoto wa miaka tisa anayeangalia watu wakichinjana au wakifanya mambo ya faragha ya watu wazima hajachagua kwa uhuru wake. Ameibiwa kitu. Sheria ya kumlinda ipo, daraja limeandikwa kwenye ganda la filamu, na kamati ya mkoa ina haki na wajibu wa kuhakikisha linafuatwa.

Tulikwenda pia kumwona kijana mwenye banda mojawapo. Alitupokea kwa heshima, "Shikamoo Padre," akatuwekea kiti. Tulipomwonyesha bango lake mwenyewe lenye namba 18, alicheka kwa aibu akasema, "Bango lipo, Padre, ila mchana wakubwa wako kazini. Watoto ndio wateja wangu." Tukamwuliza watoto wanapata wapi shilingi 200 za kiingilio. Akajibu, "Kwa wazazi wao. Wanawaambia waende wakatulie huko, nyumbani kuna kelele."

Jibu hilo lilituuma kuliko filamu yenyewe. Wapendwa, kati ya sahihi 112 zilizo katika barua ile, ni ngapi za wazazi waliotoa ile shilingi 200? Hatuulizi ili kumwaibisha mtu. Tunauliza kwa sababu muhuri wa serikali hauna miguu. Unakaa kwenye ganda la filamu na kungoja mtu mzima ausome. Na siku hizi hata ganda lenyewe linatoweka. Filamu inaingizwa kwenye flashi au inafika katika simu bila kupita mbele ya kamati yoyote. Nyingine zimetafsiriwa na wasimuliaji ambao huongeza matusi yasiyokuwamo katika ile iliyokaguliwa. Ontario, ile iliyotangulia kuwa na bodi mwaka 1911, ilitunga mwaka 2020 sheria mpya inayoachana na madaraja ya lazima ya serikali na kutaka tu watazamaji wapewe taarifa juu ya yaliyomo katika filamu. Hatusemi Tanzania ifanye hivyo. Tunasema tu kwamba hata wakongwe wa kazi hii wamekiri kuwa mlinzi wa mwisho yuko nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi, na mkunjaji wa kwanza ni mzazi.

Basi tumeamua hivi. Ombi la kwanza tutalitia sahihi yetu, na tutalipeleka sisi wenyewe kwa kamati ya wilaya na ya mkoa pamoja na wawakilishi wa jumuiya. Tutaomba mabanda yakaguliwe mchana, saa ambazo watoto wamo, na wenye leseni wakumbushwe masharti yake kabla ya kuadhibiwa, kwa kuwa nao wana familia za kulisha. Ombi la pili hatutalitia sahihi. Tunawaomba waliotia wasikasirike, bali waje tuzungumze. Mlango uko wazi, na tumemwagiza mpishi asimwambie mtu yeyote kwamba padre amepumzika.

Zaidi ya barua, tunapendekeza mambo matatu. Kila Jumamosi saa tisa ukumbi wa parokia utakuwa wazi kwa watoto, na ndugu zetu wa VIWAWA watachagua filamu inayowafaa na kukaa nao hadi mwisho, kisha wazungumze nao juu ya walichokiona. WAWATA na UWAKA watuandalie semina moja kwa wazazi, juu ya kusoma madaraja ya filamu na kuangalia simu za watoto. Na ile filamu ya padre na mjane, tungependa kuiangalia pamoja na halmashauri ya walei, watu wazima watupu, halafu tujiulize bila woga: humu kuna nini kilicho chetu?

Wale wasioafiki tunawaomba waseme, kwani huenda kuna jambo hatukuliona. Lakini katika hili hatutaki kurudia kosa la wale waliotutangulia huko mbali, waliochukua mkasi kwa upendo wa watoto wakasahau kuuweka chini watoto walipokuwa wakubwa.

Mama Bikira Maria, aliyemlea Mwanawe Nazareti, awaombee wazazi wote wa parokia yetu. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.